Walikodi nyumba, wakasahau lori

Simu ililia saa nane na nusu mchana, Jumatano moja ya Julai 2023, nikiwa kwenye foleni ya kushusha mzigo Amarillo, kaskazini kabisa mwa Texas. "Kaka, shikamoo. Tumepasukiwa tairi. Tuko juu ya daraja na mwisho wake hatuuoni." Kabla sijaitikia marahaba, nikamsikia shemeji kwa nyuma: "Mwambie ni yale masufuria!" Na mdogo wangu, akidhani ameshaziba simu: "Ni mwendo wako huo! Nilikwambia."

Basi nikapokea ajali na hukumu mbili kwa pamoja. Baadaye nilipata nafasi ya kuzipima zote mbili, ile ya masufuria kwa mizani kabisa, na hakuna iliyosimama. Nimewaomba ruhusa wakanipa, kwa sharti kwamba majina yao yasitajwe. La mwenye gari walilolikodi nalo naliacha.

Wao wanakaa Dallas. Mdogo wangu ni binti wa mama mdogo, muuguzi. Mumewe ni mhasibu, mtu wa taratibu, na gari kubwa kuliko yote aliyowahi kuendesha maishani ni Toyota Sienna. Walikuwa na harusi ya Jumamosi Clarkston, pale kando ya Atlanta ambapo kuna Waswahili wengi, Wakongomani hasa. Kwa barabara kuu ya I-20 kutoka Dallas hadi Atlanta ni siku moja ndefu au mbili za starehe. Lakini walikuwa wanatimiza miaka kumi ya ndoa, wakaamua kuzunguka kusini: Houston, New Orleans, Mobile, Montgomery, ndipo Atlanta. Wakakodi gari-nyumba, yale Wamarekani wanayaita RV, kutoka kwa mtu binafsi kupitia programu ya simu.

Lilikuwa la mwaka 2015, la lile kundi wanaloliita daraja C, lenye kitanda juu ya kichwa cha dereva. Mbele ni Ford E-450, injini ya V10, lita 6.8. Nyuma limejengewa chumba, urefu wote futi 31: jiko la gesi, friji, bafu, choo, kitanda kingine nyuma kabisa. Uzito wake wa juu unaoruhusiwa ni paundi 14,500, yaani kilo 6,577. Gari la namna hiyo Texas unaliendesha kwa leseni ile ile ya Sienna, maana leseni ya pekee huanza kudaiwa gari likivuka paundi 26,000, karibu kilo 11,800. Sheria haikosei, ila inamfanya mtu aone kama amekodi gari dogo lililonenepa.

Siku ya kukabidhiwa, mdogo wangu alirekodi video. Nimeitazama yote, dakika 47. Choo peke yake kimechukua dakika 19. Mwenye gari anaeleza tangi la maji meusi, yaani ya choo, na tangi la maji ya kijivu, yaani ya kuogea na kuoshea vyombo, kwamba ukifika pa kumwagia unafungua jeusi kwanza, halafu la kijivu lifuate kusuuza bomba. Anaeleza umeme wa ampea 30, kwamba volti 120 mara ampea 30 ni wati 3,600, kwa hiyo ukiwasha kiyoyozi na maikrowevu kwa pamoja swichi kuu itaruka. Anaeleza jenereta, na kwamba hiyo hunyonya petroli ya gari lenyewe na hujizima tangi likishuka chini ya robo, ili usije ukalala na baridi safi ukaamka huna mafuta ya kuondokea. Anaonyesha jinsi ukuta unavyotoka nje kupanua sebule. Maelezo mazuri, sina ugomvi nayo.

Dakika ya 44 wanazunguka nje. Anapita nyuma, analipiga teke tairi moja, la kushoto la nje, na kusema matairi bado mazima, tazameni meno yake. Kamera inasogea. Meno marefu kweli, hayana hata dalili ya kipara. Wanarudi ndani kuonyeshwa televisheni.

Nilipofika hapo kwenye video nilisimamisha, nikacheka peke yangu ndani ya kebini.

Mimi nilianza kazi kama utingo, njia ya Dar hadi Tunduma. Kazi ya kwanza niliyofundishwa ilikuwa kugonga matairi kwa rungu. Mkifika Ruaha Mbuyuni, kabla ya kuanza kuupanda Kitonga, dereva anakunywa chai, wewe unazunguka: tairi lenye upepo linalia kavu na rungu linaruka mkononi, tairi lililolegea linasema "dup" na rungu linabaki pale pale kama umepiga godoro. Unagonga yote, na hasa la ndani, kwa sababu gari lenye matairi mawili mawili nyuma lina siri moja: la ndani likiisha upepo, la nje linalibeba. Ukitazama kwa macho gari limesimama wima, halijalala upande, halijainama. Teke halikwambii kitu, kwa sababu teke linafika la nje tu.

Na gari lile halikuwa na taa ya kuonya. Hili ndilo lililomshangaza shemeji kuliko yote. Yeye amezoea magari ambayo upepo ukipungua kidogo taa ya manjano inawaka kwenye dashibodi. Marekani taa hiyo ni ya lazima tangu magari ya mwaka 2008, lakini ni kwa magari yasiyozidi paundi 10,000, na yenye matairi mawili mawili yamesamehewa. E-450 iko nje ya sheria hiyo kwa sababu zote mbili. Kwa hiyo dashibodi nyeupe, isiyo na taa hata moja, aliyoitazama kutoka Dallas mpaka Louisiana kwa moyo mkunjufu, ilikuwa haijui lolote kuhusu matairi. Kimya kile hakikuwa jibu, ni vile hakuna aliyeulizwa.

Jumanne walilala kambi moja karibu na Houston. Jumatano wakaondoka saa tatu asubuhi. Shemeji anasema alikwenda maili 70 kwa saa, kama kilomita 113, na mara mbili tatu alizidisha kidogo akipitwa na malori. Lake Charles, ndani ya Louisiana, walisimama saa sita kutia petroli kidogo, na hapa ndipo kisa kilipopita mbele ya macho yao, au tuseme mbele ya pua zao. Mdogo wangu alishuka kunyoosha miguu, akapita upande wa kulia nyuma, akasikia harufu ya mpira ulioungua. Akamwambia mumewe. Shemeji akatazama angani, akaona mabomba na minara ya viwanda vya mafuta, maana Lake Charles imezungukwa navyo, akasema, "Mama, hiyo ni petroli inachemshwa huko." Jibu la busara kabisa, na si kweli. Angeinama akagusa yale matairi kwa kiganja, moja lingemwunguza.

Niliulizwa baadaye na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kama pale ndipo kosa lilipofanyika. Mimi nasema hapana. Pale ilipotea nafasi ya mwisho ya kulishika, ambalo ni jambo jingine.

Kutoka Lafayette kwenda mashariki, I-10 inapanda juu ya bwawa la Atchafalaya, msitu wa miti iliyosimama ndani ya maji, na haishuki mpaka kilomita 29 mbele. Daraja hilo lilifunguliwa 1973. Lina njia za kutokea mbili tu katikati. Walikuwa wameingia kama kilomita mbili hivi, saa nane na robo, tairi la kulia la nje likalipuka.

Mdogo wangu anasema aliona kwanza ndipo akasikia: kipande cheusi cha mpira, kirefu kama mkanda, kikipaa kwenye kioo cha pembeni. Halafu mlio, halafu kishindo cha chini ya sakafu, kama mtu anabomoa jiko kwa nyundo. Ndivyo ilivyokuwa hasa. Tairi linapochanika likiwa linazunguka, ule mkanda unageuka mjeledi. Ulipasua ukuta wa mbao juu ya gurudumu, ukakata waya za taa za nyuma, ukang'oa kizibo cha tangi la maji ya kijivu. Maji ya vyombo vya siku mbili, yenye harufu ya dagaa, yakamwagika juu ya daraja la serikali. Lile jeusi lilinusurika. Mungu ana huruma zake.

Shemeji alifanya jambo sahihi bila kujua: hakukanyaga breki. Anakiri mwenyewe kwamba halikuwa somo, mguu ulimfia ganzi pale pale kwenye mafuta. Lakini ndivyo inavyotakiwa. Shika usukani kwa mikono miwili, gari liende mbele, mwendo ufe wenyewe taratibu. Anayekanyaga breki kwa hofu ndiye anayelitupa gari ubavuni. Gari liliyumba, likatulia. Akawasha taa za hatari, akajibanza kulia. Ndipo wakanipigia.

Nilikuwa na maswali mawili tu. La kwanza, mko wapi? "Darajani." Daraja la kilomita 29 si anwani. Nikamwambia mdogo wangu atafute kibao kidogo cha kijani pembeni, chenye namba, kinakuwepo kila maili. Akakiona: 118. Basi nikajua. Louisiana namba za njia za kutokea hufuata maili, na ya kwanza mbele yao ni 121, Butte La Rose. Maili tatu.

La pili ndilo gumu. Wabaki pale, au wasogee? Malori yanapita hatua chache kutoka mlangoni kwao, na hakuna fundi mwenye akili atakayelala chini ya gari mahali pale. Upande wa pili, kila mita wanayosogea inamaliza tairi la ndani na inakula rimu. Nikawaambia: rimu zinauzwa. Twendeni. Kilomita kumi na tano kwa saa, taa zinawaka, simu iko masikioni, dakika ishirini. Ndizo dakika ambazo mdogo wangu anasema alisoma kila aya aliyofundishwa madrasa, na mumewe, ambaye ni Mlutheri, akawa anaitikia amina.

Butte La Rose wana bahati kuna kituo cha wasafiri, chenye vyoo, kivuli na watumishi wakarimu. Walingoja fundi wa barabarani kwa muda wa saa tatu na nusu, joto la nyuzi 36. Jenereta ilikataa kuwaka: tangi lilikuwa limeshuka chini ya robo. Hili walikuwa wameelekezwa, na walilikumbuka vizuri.

Fundi alikuja na pikapu kutoka upande wa Lafayette. Gari la namna hii mara nyingi halibebi tairi la akiba, na lao halikuwa nalo. Nilimwomba mdogo wangu asikate simu, aniwekee kamera. Na kabla fundi hajatupa chochote nyuma ya pikapu yake, nikamwambia: tafuta namba.

Kila tairi linalouzwa Marekani lina mstari unaoanza na herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Kuna ujanja mmoja. Mstari kamili unalazimika kuwepo upande mmoja tu wa tairi. La nje likifungwa uso wenye namba ukitazama ndani, hutauona hata ukipiga magoti na tochi. Ndivyo lilivyokuwa limefungwa. Meno yote yalikuwa yamebaki barabarani, lakini kuta za pembeni zilikuwepo, zimening'inia kwenye rimu kama soksi. Mdogo wangu akapangusa kwa kitenge. 2714. Wiki ya 27 ya mwaka 2014. Tairi lilikuwa limetimiza miaka tisa mwezi ule ule.

Sasa yale meno marefu ya kwenye video yanaeleweka. Gari-nyumba halitembei. Linakaa uani miezi tisa, linaamka kiangazi, linakwenda maili elfu chache, linarudi kulala. Mpira hauishi kwa kulika, unaisha kwa uzee: jua, hewa, kusimama mahali pamoja na mzigo juu yake. Ford wenyewe kwenye vitabu vyao hushauri tairi libadilishwe baada ya miaka sita hata kama meno yapo. Kwenye lori meno hukwambia ukweli, kwa sababu lori linayamaliza kabla umri haujafika. Kwenye gari-nyumba meno ni muongo.

Lakini uzee peke yake haunitoshi, kwa sababu matairi manne mengine yalikuwa ya umri ule ule na yalibaki mazima. Ndipo fundi alipolifungua la ndani. Akalichana, akainua mfuniko wake, ndani ukamwagika unga mweusi wa mpira kama pilipili manga. Unga ule ni alama ya tairi lililokimbia bila upepo. Hapa lazima niwe mkweli: walitambaa nalo karibu kilomita tano, na hizo peke yake zinaweza kusaga unga kiasi. Kwa hiyo kitu kilichoniridhisha hasa hakikuwa unga, ni povu. Matairi ya ndani yamefichika, valvu yake huifikii kwa mkono, basi watu hufunga kijipira cha kuirefushia, chenye nyuzi za chuma juu, kije mpaka nje. Fundi alipofunga tairi jipya alirudisha kijipira kile kile, akajaza upepo paundi 80, akanyunyiza maji ya sabuni. Kwenye kiungo pakaanza kutoka vipovu vidogo vidogo, polepole, kimoja baada ya kingine. Akakisugua kwa kidole, ufa ulikuwa na vumbi ndani yake. Ufa wa siku nyingi.

Hapo hesabu inakaa. Nilitaka iwe hesabu kamili, kwa hiyo niliwaambia wakivuka bwawa, kabla hawajagusa mzigo, waingie kituo cha malori chenye mizani. Nyumbani mizani ni mahali pa kutoa jasho, enzi zangu ukikaribia Kibaha au Mikese ulianza kusali. Huku dereva anajipeleka mwenyewe, analipa dola kumi na kitu, anapewa karatasi. Karatasi yao ilisema: ekseli ya mbele kilo 1,887, ya nyuma kilo 4,255, jumla 6,142. Ruhusa ya nyuma ni kilo 4,354. Walikuwa ndani ya kipimo. Na hiyo ni pamoja na masufuria mawili ya shughuli, mifuko sita ya sembe, mchele, doti za vitenge za bibi harusi, na tangi la maji safi lita 150 ambalo walilijaza Dallas bila sababu, maana kila kambi waliyopanga kulala ina bomba. Maji yale yalikuwa na uzito karibu sawa na sembe na masufuria yote kwa pamoja, na hakuna aliyeyalaumu.

Gawanya kilo 4,255 kwa matairi manne: kila moja linabeba 1,064. Tairi la saizi ile, LT225/75R16, likiwa na paundi 80 na mwenzake pembeni, linaruhusiwa kilo 1,120. Sawa. Sasa mtoe mwenzake wa ndani upande wa kulia. La nje linabaki na karibu kilo 2,128, wakati hata likiwa peke yake mwisho wake ni 1,215. Limebeba karibu mara moja na robo tatu ya uwezo wake, kwa saa kadhaa, juu ya lami ya Julai, likiwa na miaka tisa. Linajikunja kila mzunguko, kujikunja kunazaa joto, joto linaachanisha tabaka. Nami naona lilifika mbali kuliko lilivyostahili. (Mizani ile inapima ekseli, haisemi kulia na kushoto. Masufuria yalikuwa kwenye sanduku la kulia nyuma, kwa hiyo shemeji ana haki ya kilo thelathini hivi za lawama yake. Nimempa.)

Na mwendo? Maili 70 kwenye tairi zima si kosa. Kwenye tairi lile uliharakisha tu. Angekwenda 55 lingepasukia pengine Baton Rouge, kwenye foleni, au New Orleans.

Kwa hiyo, kama ningeandika ripoti ya kampuni ningeandika hivi: chanzo ni kijipira cha valvu kilichovuja muda mrefu bila kupimwa, kwenye ekseli yenye matairi yaliyopita umri, na makabidhiano ambayo hayakugusa upepo hata mara moja. Dakika 47 za video zote ni za nyumba. Nyumba ina choo, na choo kinatisha watu, kila mtu anataka ahakikishiwe kuhusu choo. Chini ya choo kuna lori la tani sita, na kuhusu lori hakuna aliyeuliza wala aliyejibu. Shemeji, mhasibu yule, aliandika orodha ya kukagua yenye vipengele 31, nimeiona, ina mpaka betri za rimoti.

Kilichobaki ni pesa. Mkataba ulisema tairi likipasuka ni juu ya aliyelikodi gari, na uharibifu wa chini vilevile. Matairi mawili, rimu moja na safari ya fundi vilifika dola 1,180. Ukuta, waya na kizibo vingekula amana yote. Mwenye gari alianza na kauli ya "mlikuwa mnakimbia". Shemeji alimtumia vitu vitatu bila maneno mengi: picha ya 2714 ikiwa na kitenge pembeni, karatasi ya mizani, na kipande cha video cha sekunde tisa, lile teke. Mazungumzo yalichukua wiki mbili, mwenye gari akalipa matairi na matengenezo, wao wakalipa rimu. Mimi niliona ni haki. Mdogo wangu haoni hivyo mpaka leo, anasema rimu ilikufa kwa kuokoa roho. Lakini bila ile karatasi ya mizani wangelipa yote, sina shaka.

New Orleans walifika usiku, siku yao moja ikawa imeliwa. Walikula bakuli la gumbo wakiwa wamechoka hata kuzungumza, na mdogo wangu akanitumia picha: bamia! Nikamwambia hata jina la chakula lenyewe ni la huko kwetu kwa Wabantu, kwa watu wa pande za Angola, ndivyo walivyoiita bamia. Mobile walisimama kwa muda wa saa mbili Africatown, mtaa ulioanzishwa na watu walioletwa kwa Clotilda mwaka 1860, meli ya mwisho inayojulikana kuleta watumwa Marekani, miaka zaidi ya hamsini baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku. Shemeji anasema pale ndipo walipoacha kabisa kubishana kuhusu tairi. Montgomery walipita tu. Harusini walifika Ijumaa jioni, sembe ikapikwa kwenye masufuria yale yale yaliyoshtakiwa.

Kitu kimoja kilibadilika njiani. Kwenye kile kituo cha malori mdogo wangu alinunua rungu, la mbao, la kugongea matairi, na kuanzia hapo kila waliposimama alizunguka gari akigonga sita, kulia mbili za nyuma kwanza, kabla hajamruhusu mumewe kuwasha injini. Alinipigia kutoka Alabama nisikilize. Nilikuwa usukanini, nikaweka spika. Kavu, kavu, kavu, kavu. La tano likasema kidogo tofauti, la kushoto la ndani. Nikamwambia apime. Lilikuwa na paundi 61.

Jumatatu ya wiki iliyofuata walilirudisha gari Dallas. Mwenye gari alitoka nje, akazunguka na karatasi yake ya ukaguzi, akatazama ubao mpya juu ya gurudumu la kulia, akainua macho.

"Tangi la choo," akauliza, "mmelisuuza?"